Hapa Nyumbani Hakuna Atakayekugusa

Jumatano, 14 Januari

Leo shule zimefunguliwa na mwanangu amerudi na damu kwenye soksi. Naandika maana nisipoandika nitavunja vyombo, na vyombo vyenyewe vichache.

Getini pa shule walijaa watu wa mabango, wake kwa waume, wanamsimamisha kila mzazi: kitambulisho kiko wapi, umetoka wapi. Wameapa mtoto wa mgeni hasomi muhula huu. Nomsa wangu si mgeni. Kazaliwa hapa hapa Johannesburg, baba yake, mume wangu Sipho, ana kitambulisho cha hapa, na Kizulu cha mtoto kimenyooka kuliko cha hao wenye mabango. Lakini nilimwambia "vuka, mama" kwa Kiswahili, mara moja tu, na mwanamke mmoja akageuka kama aliyechomwa sindano. "Kwerekwere," akasema, jina lao la kututukania sisi tuliotoka huko juu. Akamsukuma mwanangu kifuani. Nomsa akaangukia chuma cha geti, goti likachanika, na kijana mmoja akampiga teke la paja akiwa bado chini. Mtoto wa miaka kumi na moja!

Nilimrukia yule mwanamke. Wigi lake nimerudi nalo, liko kwenye pipa la taka. Na mimi mgongo wangu una alama za mwavuli.

Nimemwosha Nomsa goti, nimemwambia hurudi tena kule. Utasoma hapa, mwalimu ni mimi. Hapa nyumbani hakuna atakayekugusa.

Sipho alirudi kutoka lindoni, akasikiliza yote na sare yake ya ulinzi bado mwilini. "Muhula mmoja, Mayasa," akasema. "Mtoto si kitenge umfungie kabatini."

"Muhula mmoja," nikamjibu. Moyoni nikasema tutaona.

Alhamisi, 15 Januari

Meza ya kukatia nguo ndiyo darasa. Hesabu asubuhi, kisha Kiingereza, kisha sayansi. Nomsa kauliza mapumziko ni saa ngapi na atacheza na nani.

Ijumaa, 16 Januari

Mzee Ezekieli, mwenye nyumba wetu, amekuja kufundisha historia. Kajitolea mwenyewe, kila Ijumaa, tena kwa Kiswahili.

Tunakaa vyumba vya nyuma, uani kwake, huku Turffontein. Ujanani alikimbia makaburu akaishi kwetu Morogoro miaka mingi, yeye na marehemu baba mzazi wa Sipho. Sipho kazaliwa kule kule, mama yake Mluguru. Basi mzee akaketi, akavua kofia, akaanza: "Tulifika hatuna hata shati. Mama mmoja wa Kihonda akatupikia ugali na mlenda. Sikuwahi kuuona mlenda, nikadhani ananiwekea sumu." Nomsa alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Jumatano.

Mzee huyu ni baba yangu katika mji huu. Nani mwingine ataniuliza habari za Mji Mpya, mtaa wetu kule Morogoro?

Jumanne, 27 Januari

Sasa nina wanafunzi wawili. Jirani yangu Victorine, msusi, Mkongo wa Lubumbashi, kamleta binti yake Chloé. "Mama Nomsa, ufundishe na huyu wangu. Kule ku masomo balimufukuza, na kule ku saluni anakula tu rangi ya nywele."

Nimewafundisha sehemu kwa kukunja kitambaa: nusu, robo, thumni. Chloé ana miaka minane na kashika upesi. Nomsa alikuwa anatazama dirishani. Huku mashine yangu ya kushonea inanisubiri na rundo la sketi za shule, za watoto wa watu wengine, wale wanaopita getini bila kuulizwa. Nazipiga pasi marinda nikitukana.

Saa kumi radi, kama kawaida ya msimu huu. Umeme ukakatika.

Jumanne, 3 Februari

Nimempiga Nomsa.

Moja ya tatu ukijumlisha na moja ya nne. Nimeeleza, nimekunja kitambaa, nimekata karatasi, nimechora. Anaandika mbili ya saba. Nafuta, naeleza tena, anaandika mbili ya saba. Halafu akasema kwa Kiingereza, chini chini, kwamba mwalimu wake wa shule alikuwa anaeleza vizuri zaidi. Rula ya mita ilikuwa mkononi. Ile ya mbao, ninayopimia vitambaa. Ikamshukia vidoleni.

Hakulia. Chloé ndiye aliyelia.

Nikamwambia ukweli wangu: mimi mama yako nakupiga ili dunia isije ikakupiga zaidi. Ukiwa mjinga watakukanyaga. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa fimbo na nimekuwa mtu. Akaandika saba ya kumi na mbili bila kuniangalia. Umeona basi, kumbe anajua!

Jumatano, 4 Februari

Mvua kutwa.

Jumatano, 11 Februari

Watu wa mabango wameandamana mtaa wa jirani, Rosettenville. Wamemtoa fundi viatu wa Burundi kibandani kwake, wakamvunja mkono kwa kiti chake mwenyewe. Victorine kaona kwa macho. Anasema walikuwa wanaimba vizuri sana.

Bakiri, kijana wetu wa Tanga mwenye spaza, duka dogo la kona, kaweka nondo za pili mlangoni. Nikamuuliza kwa nini asifunge tu akaondoka. "Dada, niende wapi na unga wote huu?" akacheka, akampa Nomsa pipi ya kijiti.

Nimepiga marufuku dirisha. Pazia linashuka kuanzia asubuhi.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo umeanza. Nimefundisha na kiu na kichwa kinagonga. Rula imefanya kazi mara mbili.

Jumapili, 22 Februari

Sipho kaziona alama za miguuni mwa Nomsa wakati anapaka mafuta. Kanivuta jikoni. "Ulisema unamtoa shule asipigwe."

"Wale wanampiga kwa chuki. Mimi nampiga kwa faida yake."

"Na mguu unajuaje tofauti?"

Nilimtupia kikombe. Kilimkosa, kikavunjika ukutani. Yeye anakaa kwenye maduka makubwa ya watu usiku kucha na redio yake ya mkononi, anarudi kulala, halafu ananiuliza maswali. Aje afundishe yeye.

Jumatatu, 2 Machi

Nomsa kaniomba simu ampigie Zanele, rafiki yake wa darasani. Nimekataa. Zanele ana kaka, na vijana wa rika la kaka yake ndio wanaobeba fimbo mitaani.

Ijumaa, 6 Machi

Mzee Ezekieli aliingia na historia yake, na Nomsa akabaki kaketi, pua iko kwenye kitabu cha hadithi. Hakusimama, hakutoa mkono, hakusema shikamoo. Mtu mzima anasimama mlangoni kwangu, baba wa watu, na mtoto niliyemzaa mimi anageuza ukurasa!

Nilimpiga rula za miguu mbele ya mzee. Nikamtoa nje, nikamwambia mkubwa wako akiupita mlango huu, popote ulipo, chochote unachofanya, unainuka, unampa mkono, unaamkia. Nikamwingiza upya. Akaamkia huku machozi yanamdondoka kwenye kola. Mzee akaitika marahaba, akamshika kichwa. "Mtoto mwenye adabu anapendwa popote," akasema. Nilijisikia nimefanya kazi yangu.

Historia ya leo ilikuwa ya watu walioficha wenzao chini ya vitanda enzi za makaburu.

Jumanne, 10 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia wamenikanyaga.

Kulikuwa na joto la kabla ya radi. Watoto walikuwa kwenye hesabu, mimi napiga pasi sketi. Victorine akapiga simu, anapumua kwa shida. "Bameshafika ku robot, ku mataa ya barabara! Bamevunja duka ya Bakiri, Bakiri eko chini, banamupiga na mawe! Ficha batoto, Mama Nomsa, ficha batoto!" Simu ikakatika.

Nikawasukumia wote wawili chini ya meza na kuteremsha kitambaa mpaka sakafuni. Nikachungulia penye pazia. Nyimbo zilikuwa zinakuja na mtaa. Niliwaona wamejaa nje ya geti letu, wengine wameshika fimbo, mmoja kashika nyundo ya mafundi ujenzi, na mmoja alikuwa na katoni ya sabuni ya Bakiri kichwani.

Mzee Ezekieli alikuwa kasimama getini na koti lake la suti. Anaongea nao Kizulu, taratibu, mkono mfukoni. Hapa ni kwangu, anawaambia, hakuna mgeni, nyuma anakaa mtoto wa rafiki yangu na familia yake, watu wa hapa hapa. Nilisema Mungu ampe maisha huyu mzee. Wengi walishaanza kugeuka. Watatu tu wakasema wanataka kuona kwa macho yao. Mzee akasema njooni muone, hamna kitu.

Mlango ukafunguliwa. Mzee mbele, vijana watatu nyuma yake. Mimi nimesimama na pasi, nimefunga mdomo, maana lafudhi yangu ingetumaliza. Vijana wakatazama mashine, wakatazama rundo la sketi. Mmoja alishageuka kutoka.

Na Nomsa akatoka chini ya meza.

Kwenye upenyo wa kitambaa alikiona kiatu cha mzee kinapita mlangoni. Akainuka, akajipangusa magoti, akatembea mpaka mbele yake, akainamisha kichwa na kunyoosha mkono kama nilivyomfunza kwa rula siku nne tu zilizopita. "Shikamoo, Babu."

Sauti ilikuwa safi kabisa. Kizulu anakijua kuliko mimi, angeweza kuwaamkia kwa Kizulu wakaona haya. Lakini aliniogopa mimi kuliko walivyomtisha wao.

Yule mwenye fimbo akauliza anasema nini huyu. Mzee Ezekieli hakuitika. Alimtazama mtoto, akawatazama wale, na mkono wake ukaenda juu. Kofi lile lilisikika mpaka uani. Nomsa alizunguka, mdomo ukagonga ukingo wa meza, na jino likaruka sakafuni. "Sema Kizulu!" mzee akamfokea. "Simjui huyu! Wapangaji tu hawa!"

Mimi sijui nilivyofika pale. Najua pasi ilikuwa ya moto. Nilimpiga nayo upande wa sikio, ngozi ikashika kwenye chuma. Mzee akalia kwa Kiswahili. "Mama yangu weee! Mayasa, unaniua!" Miaka yote ya Morogoro ikamtoka mdomoni. Vijana wakacheka. Na huyu mzee ni kwerekwere, wakasema, na mmoja akampiga tumboni kwa mpini wa nyundo, akaanguka kwenye sketi zangu.

Kisha wakanigeukia. Nilipigwa mbavuni, nikapigwa mgongoni, nikaanguka, buti likasimama juu ya mkono wangu na kuzungusha kisigino. Chloé anapiga kelele chini ya meza, na mimi nawaza tu asitoke, asitoke. Nilimuuma mmoja mguuni kupitia suruali, nikapata ladha ya damu, nikafurahi. Naandika hivyo maana ndivyo ilivyokuwa. Ningekuwa na kisu ningeua.

Mwenye fimbo akainua fimbo juu ya kichwa changu. Ndipo Nomsa akaongea, kwa Kizulu, kwa sauti ya uwanja wa shule.

"Lindo! Wewe ni Lindo, kaka yake Zanele! Mnakaa juu ya duka la chipsi! Nimelala kwenu siku ya besdei ya Zanele, mama yenu alinipikia! Nitamwambia mama yako, Lindo! Nitamwambia Zanele!"

Damu inamtiririka kidevuni, anamnyooshea kidole. Yule kijana akabaki na fimbo juu. Kumbe ni mtoto tu naye, ndevu hazijashika. Akamtazama Nomsa mdomo, akatazama jino sakafuni. "Nomsa?" akasema. Akawaambia wenzake twendeni. Mmoja akabisha, Lindo akamsukuma nje kwa kifua. Wakatoka, na nikasikia wanawaambia wa getini kwamba hakuna kitu.

Mvua ya mawe ikaanguka ikapasua vioo vya magari mtaa mzima. Nilifuturu maji na damu.

Jumatano, 11 Machi

Bakiri amefariki.

Ijumaa, 13 Machi

Mbavu mbili zimevunjika. Sipho kaomba ruhusa kazini, anapika yeye. Victorine kamchukua Chloé, wamehamia kwa dada yake, mtaa wa Joubert Park. Aliniaga kwa kunishika kichwa. "Minakushukuru kwa kumuficha mtoto," akasema. Hakusema atamrudisha.

Jumatatu, 16 Machi

Mzee Ezekieli amekuja. Kafungwa bandeji kichwa kizima. Hakuingia, kasimama kizingitini, na Sipho kasimama mbele yake kakunja mikono kifuani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, Nomsa ananishikia kikombe.

"Mayasa, mwanangu," mzee akaanza. "Sikuja kudai sikio. Nimekuja useme umenielewa. Ningemwitikia mtoto pale, wangetuchoma wote ndani. Nilimpiga mimi kofi moja ili wao wasimpige fimbo. Nilimpiga kwa faida yake."

Nilifungua mdomo nimtukane kwa matusi yote ninayoyajua, ya Morogoro na ya hapa. Nilitaka kumwambia hakuna faida inayong'oa jino. Lakini Nomsa akaanza kucheka. Kicheko cha pengo, anaziba mdomo kwa kiganja maana kidonda kinauma, na machozi yanamtoka.

"Unacheka nini?" Sipho akamuuliza.

"Babu anaongea kama Mama," akasema.

Mzee akainamisha bandeji yake akaondoka, na Sipho hakunitazama mpaka jioni. Mimi nilijigeuza ukutani, upande wa mbavu zinazouma, nikabaki hivyo hivyo. Nimejaribu kutafuta tofauti kati ya mkono wake na wangu. Nilisema ipo, mimi nampenda. Lakini na yeye mzee alimpenda. Ijumaa zote zile sikuziota.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Hapa nchini leo pia ni sikukuu ya haki za binadamu, barabara tupu. Sipho kapika pilau, kaunguza. Tumekula.

Jumanne, 24 Machi

Nimejaribu kufundisha. Kila nikinyoosha mkono kuchukua kalamu, Nomsa anarudisha kichwa nyuma. Hajui kama anafanya hivyo. Nimejaribu kusogea polepole, anarudi nyuma polepole.

Nikasema basi, leo soma hadithi yako.

Ijumaa, 27 Machi

Mwisho wa muhula. Sipho hakukumbusha ahadi, lakini mimi nimeitaja mwenyewe. Nimemwambia siwezi kumrudisha mtoto kwenye lile geti. Waliomwua Bakiri bado wanakunywa bia pale kona. Nitajirekebisha, nimesema, rula nimeivunja. Kweli nimeivunja, kwa goti, na mbavu zikanikomesha. Sipho kasema tumuulize Nomsa. Nikamwambia tangu lini mtoto anaulizwa.

Jumapili, 5 Aprili

Baridi imeanza. Mvua zimekwisha, mbingu bluu tupu. Nimemkuta Nomsa kwenye simu ya baba yake, anaongea na Zanele kwa Kizulu, haraka haraka, anacheka. Nilisimama mlangoni. Aliponiona akakata simu.

Jumatano, 8 Aprili

Shule zimefunguliwa. Nilimkuta Nomsa kashavaa sare. Sketi imekuwa fupi, kashusha pindo mwenyewe kwa mkono, mshono umekwenda upande. Sipho alikuwa hajarudi kutoka lindoni. Nikasimama kati yake na geti letu.

"Nani kakwambia uvae?"

"Hakuna."

"Wale watu watakuwepo getini."

"Najua. Zanele na mama yake wananisubiri hapo kona. Tutapita pamoja."

"Na wakikupiga?"

Akafikiri. Anafikiri siku hizi kabla ya kunijibu, anapima kila neno. Akasema kwa Kiswahili, kile kile nilichomlazimisha:

"Mama, kule wakinipiga nitarudi nyumbani. Hapa ukinipiga nirudi wapi?"

Ujeuri huo! Mbele ya geti, asubuhi, kwa mama mzazi! Kabla sijajua, mkono wangu wenye vidole vilivyopinda ulikuwa umeshanyanyuka. Hakukimbia. Alifumba macho, begi mgongoni, akasubiri.

Nikaushusha. Nikafungua geti.